Masikio ya Kumtunzia Profesa

Profesa Tarsisi, bingwa wa masikio, ni mtoto wa Matiri hapa hapa; mama yake alimsomesha kwa kahawa. Kwa hiyo aliporudi likizo na mashine yake ya kupimia usikivu, akina mama walijipanga uwanja wa kanisa kabla umande haujakauka. Walburga naye alikuwemo, kambeba mwanawe Beata, masikio yote mawili yanatoa usaha. Ndiyo miaka ile ushirika umekufa, kahawa inanunuliwa na kila mwenye mizani, na hospitalini ukiingia mkono mtupu unatoka mkono mtupu. Profesa alipima bure, na biskuti akatoa.

Alimvika mtoto vile vidude vya kusikilizia, akaandika, akasema, "Mama, usimtie kitu humu. Hata dawa ya zahanati. Nataka niyakute hivi hivi nikirudi."

"Yatapona, Profesa?"

"Wewe nitunzie tu."

Basi akatunza. Mtoto alilia usiku kucha, akatunza. Nzi walimfuata hadi kanisani, watu wakahama benchi, naye akatunza, maana aliyesema ni profesa, tena wa nyumbani.

Mwaka uliofuata Profesa alikuja na wageni wawili wazungu wenye kamera. Akainama, akanusa sikio la Beata kama mtu anayeonja pombe ya harusi, akatabasamu.

"Mnaona? Hayajaguswa. Watoto wa Ngumbo, kule ziwani, mama zao wameshawaharibu kwa dawa."

Usaha Walburga alikuwa kauzoea. Lile tabasamu ndilo lililomshinda.

Siku ile ile alimbeba mtoto hadi kwa masista. Sista Gertruda akayasafisha, akayakausha kwa pamba, akatia matone. Baada ya muda usaha ulikata. Lakini ukimwita Beata kwa nyuma, hageuki.

"Ungemleta mapema, mama Beata," sista alisema. "Usaha umeshakula ndani."

Profesa alipopandishwa cheo chuoni, parokia ikamchinjia mbuzi. Watoto wapya wakapangwa kupimwa. Perpetua, jirani yake Walburga, alikuwa kwenye foleni na mwanawe mgongoni.

"Perpetua, mpeleke kwa masista. Profesa huyu hatibu."

"Wako kapigwa picha na wazungu, wetu wasipigwe?"

Wenzake wakacheka. Walburga akamwendea Profesa mezani, akamkuta mdomo unang'aa mafuta ya mbuzi.

"Profesa, wangu ulimpa dawa gani?"

"Mama, mimi ni mtafiti," alisema huku anatafuna. "Kutibu kuna wenyewe."

"Na ulinikataza nisiende kwa hao wenyewe."

"Wanaotibiwa ningewalinganisha na nani, sasa?" Akachomoa kipande kilichokwama jinoni, akakitazama, akakirudisha mdomoni.

Perpetua alisikia yote. Akakaza kanga ya mgongoni, akatoka kwenye foleni bila kuaga. Waliobaki walisogea mbele, wakajaza nafasi yake.