Kompyuta ya Luisa na Maharage ya Mama

Ottilia wa Matiri alikuwa mtu wa kusali sana, na asubuhi ile, ndani ya gari la kwenda Mbinga mjini, alimaliza rozari nzima akiomba jambo moja tu: binti yake asipate kompyuta ya kumfaa.

Hakuliomba kwa maneno hayo. Mbele za Mungu alilipamba kidogo. Alisema, Bwana, mapenzi yako yatimizwe, ila kama inawezekana huyu mtoto apate kazi hapahapa karibu. Tangu baba yake Luisa azikwe, nyumba ile ilikuwa na watu wawili na paka. Sasa mradi wa maji ulikuwa umemwita Luisa kule ziwani, Ngumbo, atembee kijiji hadi kijiji akiandika bomba lipi linatoa maji na lipi limekauka. Sharti lilikuwa moja: aje na kompyuta yake mwenyewe, ya kubebeka. Ofisi huko hakuna, ofisi ni mgongo wake.

"Mgongo wenyewe ndio huu?" Ottilia alikuwa amemuuliza, akimzunguka kama anayekagua mbuzi.

"Ndio huu, mama. Mwingine hukunizalia."

Kahawa iliyouzwa kupata pesa ya kompyuta ilikuwa ya Ottilia, kwa hiyo kuchagua kulikuwa kwa Ottilia. Shida ni kwamba kuchagua hakukuzoea. Katika ujana wake duka la ushirika lilileta kitenge cha aina moja, na Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikivaa. Tangu biashara ilegezwe na wanunuzi wa kahawa waanze kufika Matiri kila mtu na lori lake, Mbinga ilikuwa imejaa maduka, kila duka lina vitu kumi vya kufanana, na mwenye duka anakutazama usoni na kukuuliza, mama, unataka kipi?

Duka la Hamphrey lilikuwa jirani na stendi. Hamphrey alikuwa kijana wa Kinyasa, mzaliwa wa Ngumbo hukohuko, na maneno hayakuwahi kumpungukia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tunatafuta kompyuta ya huyu."

"Ya kukaa mezani au ya kutembea?"

"Ya kukaa," akasema Ottilia.

"Ya kutembea," akasema Luisa.

Hamphrey akawatazama wote wawili, halafu akaweka mbele yao laptopu mbili, zote mitumba ya Ulaya. Moja ilikuwa nyeusi, nene kama tofali la kuchoma. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nyembamba kama sinia. Ile nene ina kioo kipana na mahali pa kuingiza sidii, akaeleza, lakini chaji yake haifiki mchana. Nyembamba kioo chake ni kidogo, sidii haiingii, ila ukiichaji asubuhi unafika nayo jioni hata kama kijiji hakina umeme.

Ottilia akainyanyua nene, akaitikia kwa kichwa. Akainyanyua nyembamba, akakunja uso.

"Hii ndani mna kitu kweli?"

"Mna kila kitu, mama."

"Sisi Matiri kahawa ikishachumwa tunaitia majini. Ile inayozama ndiyo kahawa. Inayoelea tunaiondoa, haina kitu ndani."

"Basi hii mama usiitie majini," akasema Hamphrey.

Luisa akageuka kutazama ukuta, mabega yakitikisika.

"Wewe Mnyasa unajua nini habari ya uzito? Mnakula muhogo wenu, mnalala."

"Babu yangu alikuwa na mtumbwi, mama. Mzuri sana, mti mzima, mzito hasa. Akishakaa yeye, samaki wanabaki ziwani."

Ottilia akachukua kompyuta moja kila mkono akatoka nazo hadi kwa jirani, mzee Mansuetus aliyeuza mahindi, akamwomba mizani. Mansuetus akazitundika moja baada ya nyingine bila kushangaa, kwani mizani ile ilikuwa imepima mengi. Nene ilivuta kilo tatu kasoro kidogo. Nyembamba ilipita kilo moja kidogo tu.

"Mnaziuza kwa kilo?" akauliza Mansuetus.

"Umesikia?" Ottilia akamwambia binti yake waliporudi dukani. "Kilo tatu. Wewe ulizaliwa na kilo tatu na zaidi, na nilikubeba mgongoni nikipalilia. Sikulalamika."

"Na siku hizo ulibeba na maharage?"

Hapo Luisa akautua mkoba wake mezani. Gari la kwenda Kitai lilikuwa linaondoka mchana huohuo, na Kitai angepata la kushuka ziwani, kwa hiyo alikuja akiwa amefunga kila kitu. Au tuseme alikuwa amefungiwa. Mtu asiyetaka binti yake aende haamki kabla ya jogoo kumfungia maharage, unga wa mahindi na kopo la kahawa ya kusaga. Ottilia alikuwa amefanya yote mawili, na hakuona ajabu yoyote.

Luisa akajaribu kuitia ile nene. Ikakwama kwenye zipu.

"Maharage yatoke," akasema.

"Maharage hayatoki."

"Basi unga."

"Uende ukale muhogo wa huyu? Unga hautoki."

"Kitabu cha sala?"

Ottilia akamtazama tu. Hamphrey akakohoa. Alikuwa Mwanglikana, lakini mtazamo ule aliuelewa.

Luisa akaitoa nene, akaingiza nyembamba. Ikateleza kati ya unga na kitabu cha sala, zipu ikafunga, na juu ikabaki nafasi ya ngumi mbili. Wote watatu wakaikodolea macho nafasi ile.

"Mama," akasema Luisa, sasa kwa sauti ya chini, "najua."

"Unajua nini?"

"Tangu juzi unasifia vitu vizito. Jana umesifia hata jiwe la kusagia. Ukininunulia lile tofali nitakwenda vilevile, mama. Ila ikifika mwisho wa mwezi, nikifikiria kuupanda mlima kutoka ziwani na tofali mgongoni, nitasema ngoja, nitakuja Pasaka."

Ottilia akashika msalaba wa rozari yake shingoni. Aliipitia tena moyoni sala ya ndani ya gari, toka mwanzo, na akaona mahali alipokosea. Alikuwa ameomba habari ya kwenda tu, asiende. Kurudi hakukutaja kabisa.

Akamgeukia Hamphrey. "Hapo palipobaki, dagaa wanaingia?"

"Wa Ngumbo, mama, waliokaushwa vizuri? Wanaingia wa kukutosha wewe na majirani."

"Na harufu?"

"Harufu hatuuzi, mama. Tunaongeza."

Ottilia akalipia nyembamba. Stendi hakulia. Alimrekebishia binti yake mikanda ya mkoba, akamchora msalaba kwenye paji la uso, akasema "mwisho wa mwezi" kwa sauti ya mtu anayepanga siku ya kuvuna, basi.

Na mwisho wa mwezi Luisa alikuja, Jumamosi, vumbi juu hadi chini, akicheka. Dagaa walitolewa kwanza, kompyuta baadaye. Akaifungua mezani kumwonyesha mama yake picha za mabomba, yenye maji na yasiyo na maji. Kabla hawajafika la tatu, paka akaruka mezani, akazinusa zile herufi za kubonyeza, akaanza kuzilamba moja moja kwa uangalifu. Wakamtoa, akarudi.

Ottilia akavuta kiti chake karibu na binti yake.

"Kumbe ndani mna kitu," akasema.