Baba Mkwe Ndani ya Chungu

Asubuhi moja Fusae alikuwa akimwagilia msonobari wa ukoo, mti mdogo uliokuzwa ndani ya chungu, uani kwao Omiya, Japani, wakati baba mkwe wake, aliyefariki majira ya baridi, alipochomoza nyuma ya shina. Kimo chake hakikuzidi kidole gumba. Akaanza kulalamika.

"Maji ya baridi hivi! Unataka kuniua?"

"Umeshakufa, Baba."

"Ndiyo unimwagie kama figili?"

Fusae akashusha pumzi. Tangu aolewe, yeye ndiye aliyepunguza mizizi, aliyekunja matawi kwa waya, aliyeamka kila alfajiri kuugusa udongo kwa kidole. Mumewe, Teruo, alikuja tu kila jioni kuutazama mti na kujikohoza. Hata hivyo, kila mwaka, kwenye maonyesho ya miti ya chunguni, kadi ya mtunzaji iliandikwa jina la Teruo. Fusae alikuwa amechoka. Mwaka huu aliapa liandikwe lake.

Mzee alikataa katakata kuhama chunguni. Teruo aliuliza tu kama babake amekula, basi Fusae akamwekea punje ya wali juu ya mzizi.

Siku ya maonyesho jaji mkuu, Bwana Kuroiwa, alichungulia chungu, akakunja uso.

"Hiki kisanamu kiondolewe. Sanaa hii ilitoka China, sawa, na huko huweka vijitu chini ya miti. Sisi hatuweki."

"Kisanamu babu yako!" mzee akafoka. "Mti huu ni wangu, nimerithi!"

Kuroiwa akainama kuomba radhi. Mwenye mti angeweza kubaki, mradi asimame nyuma ya shina. Kisha akatoa kalamu na kadi.

"Wewe ndiye unayeishi humo, Mzee. Nani anautunza?"

Fusae akabana pumzi. Kila alfajiri, tangu majira ya kuchipua, vidole vyake vilikuwa vikipita juu ya kipara cha mzee vikienda kugusa udongo.

"Mwanangu Teruo," mzee akajibu. "Nani tena?"

Teruo akajikohoza.

"Na mimi je, Baba?" Fusae akauliza.

"Wewe? Wewe unamwagilia tu. Tena maji ya baridi!"

Huyu ndiye mzee aliyekuwa akiwafanya wanagenzi wake wamwagilie tu miaka mitatu mizima kabla hawajaruhusiwa kushika mkasi.

Msonobari ulipata zawadi ya kwanza. Alfajiri iliyofuata Fusae alipasha maji, akayapima joto kwa kiwiko, akamwagilia mti, halafu mzee.

Mzee akasema sasa yamezidi moto.