Kima, Panzi na Shoka la Wifi

"Mti huu unaanguka leo, utake usitake!"

"Ukiuangusha, wanangu watakula nini? Shoka lako?"

Wifi yangu Tabia alikuwa ameshaupiga mfenesi wangu mara moja, utomvu ukichuruzika. Mwaka ule wa sabini na mbili mchele ulikuwa adimu Unguja nzima. Fenesi ndilo lililowashibisha wanangu, likiwa bichi la kupika au bivu la kulamba vidole. Kila asubuhi kima walitoka msitu wa Jozani wakakaa juu ya mti ule, na kila asubuhi kunde za Tabia, pembeni mwake, zilikutwa zimeliwa. Kwake kesi ilikwisha.

"Nimewaona kwa macho yangu," alisema.

"Umewaona mtini. Kwenye kunde je?"

"Hicho chuo ulichosoma ndicho kilichokufundisha kuwatetea kima, wifi? Jamaa zako?"

"Jamaa zangu kwa ndoa."

Akacheka bila kutaka. Nikatumia nafasi hiyo kumvuta mkono hadi kwenye kunde, nikachuma jani.

"Kima ana mikono. Hunyofoa kichipukizi kizima, akala nusu, nusu akaitupa. Tazama chini, kimetupwa nini? Hakuna. Aliyekula hapa hana mikono. Katafuna ukingo kama msumeno, mshipa wa kati kauacha."

Nikatikisa shina. Panzi wa kijani wakaruka huku na huku, mmoja akatua kifuani mwa Tabia. Akapiga ukelele, akajikung'uta kanga.

"Panzi wapo miaka yote," alisema alipotulia. "Mbona mwaka jana nilivuna?"

Hapo nikawakumbuka kuku. Mwaka jana kuku walizurura. Mwaka huu, kwa hofu ya njaa, kijiji kizima kilikubaliana kuwafungia tangu kupanda hadi kuvuna, wasifukue mbegu. Sasa kunde zilifika magotini na kuku bado walikuwa ndani.

"Tumewafungia wanaokula panzi," nilisema.

Tabia akalitazama banda langu la kuku. "Mwenyekiti wa tawi la chama atatuita."

"Atuite. Tutamwonesha majani."

"Wakinifukulia shina moja tu, nawachinja wote, na mti naukata."

"Chinja."

Nikavuta komeo. Kuku wakamiminika, jogoo mbele, moja kwa moja kwenye kunde. Tabia akaweka shoka chini, akainama, akaanza kuwatikisia mashina.