Ufa Shingoni mwa Mtungi

Mzamiaji aliingia katika karakana ya mkewe ameukumbatia mtungi wake wa hewa kama aliyebeba mwana aliyesinzia, akaulaza taratibu juu ya meza ya ukaguzi.

"Mke mwenzangu kaja," alisema mkewe bila ya kuinua uso. "Karibu, bibi. Leo tutakuvua ushungi tuione shingo."

Mzamiaji akacheka. Utani huo ulikuwapo tangu harusi yao, kwani mtungi ndio aliouoa kwanza. Ulikuwa wa alumini, wa aina ya zamani ambayo viwanda viliacha kuiunda baada ya kubainika kuwa huingia nyufa shingoni. Kwa mtungi huo alikuwa amesugua matumbo ya meli na kukwamua kamba zilizonasa kwenye rafadha, yale mapanga yanayoisukuma meli. Kesho yake alikuwa na kazi bandarini, wala hakutaka kuzama na mtungi wa kuazima.

Mkewe, aliyekuwa mkaguzi na mjazaji wa mitungi, aliifungua koki akaitoa, akaingiza kijioo chenye mpini mrefu, akamulika tochi. Akatazama. Akakitoa kijioo, akakipangusa, akatazama tena. Kisha akaingiza kifaa cha umeme cha kupimia nyufa, nacho kikalia. Mzamiaji alimjua mkewe: mkono wake ukisita namna ile jikoni, basi chumvi imezidi.

"Sema basi."

"Njoo uone mwenyewe."

Akainama. Katika mifereji ya hesi, pale koki inapokazwa, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele.

"Huo mkwaruzo tu, mama watoto. Si juzi juzi ulipita jaribio la maji?"

"Jaribio la maji, kule kuushindilia maji, limepima tumbo. Ugonjwa uko shingoni."

"Basi nijazie wa kesho tu. Roho ni yangu. Nikifia majini, nimejitakia. Wewe nawa mikono yako."

Mkewe akaizima tochi.

"Baba watoto, mitungi ya namna hii mingi iliyopasuka, imepasuka ikijazwa, hewa inaposhindiliwa ndani. Wewe wakati huo uko wapi? Uko nje unapiga soga. Nani anasimama kando yake, mkono juu ya koki?"

Mzamiaji akageuka kuitazama kompresa, mashine ya kushindilia hewa. Umri wote huo, kila alipozama, alimwomba Mola amwepushe mkewe na ujane. Hata siku moja hakupata kumwombea salama pale aliposimama, baina ya kompresa na ukuta.

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekwambia mara ngapi, 'Nakwenda kumjaza mke mwenzangu, niombee dua'? Ukicheka tu! Lakini ulikuwa mzima kila nilipoukagua. Leo si mzima."

Mzamiaji akatazama huku na huku. "Msumeno wa chuma uko wapi?"

"Wacha, nitaukata mimi. Usijitie uchungu."

"Nipe, bibi wee."

Mkewe akaubana mtungi mtupu kwenye jiliwa, mumewe akaikata shingo, msumeno ukilia, mpaka hesi zikatengana na asiweze tena mtu yeyote kuufungia koki. Alipomaliza, macho yalikuwa yamemlowa.

"Vumbi la alumini hili," akasema.

"Naam, vumbi," akaitikia mkewe, akamkabidhi kitambaa. "Na kesho?"

"Nitaazima. Nitanung'unika, lakini nitaazima."

Akataka kuketi, asiketi. Kando ya kompresa aliiona mitungi mingine imejipanga, baadhi yake ya umri ule ule.

"Hii ya nani?"

"Ya wenzio. Wanaitaka imejazwa kabla ya adhuhuri, na wamenihimiza kweli kweli."

Mzamiaji akakunja mikono ya shati. Akaikumbatia mmoja mmoja, akaihamisha kutoka kwenye kompresa mpaka kwenye meza ya ukaguzi, akihema.

"Watakuja juu hao," mkewe akaonya, huku akitabasamu.

"Waje, wanikute mlangoni. Washa tochi, mpenzi. Mimi nafungua koki, wewe tazama."