Sauti ya Mwalimu Eneli

Watoto waliimba vizuri, hilo halikuwa na ubishi. Aliyemtia Villem wasiwasi ni mwalimu wao. Mwalimu Eneli alikuwa anafungua kinywa, anafumba, anafungua tena, na hakitoki kitu. Villem, besi wa lile kundi la watu wanne wanaoimba bila kinanda, aliujua mchezo huo. Yeye mwenyewe shuleni aliambiwa achezeshe midomo tu asiwaharibie wenzake, akachezesha mpaka alipomwoa Helju.

Ziara hizi za kundi kufundisha nyimbo shuleni Helju ndiye aliyezianzisha. Halafu wakubwa wa wilaya wakafunga wodi ya moyo ya hospitali ya hapo, Helju akafia njiani kwenye theluji akikimbizwa mji wa mbali. Leo wakubwa haohao wamemtuma Bwana Kivisaar, na skafu yake ya hariri, aje aamue kama ziara nazo zifungwe.

"Wameimba," Kivisaar alisema, mdomo umejaa keki ya watoto. "Lakini nyie mnaondoka leo. Kesho nani anawaanzishia wimbo? Kama hayupo, tunapoteza muda."

"Mwalimu wao," akajibu Maret, kiongozi wa kundi.

Eneli akawa mweupe kama chaki. "Mimi siwezi, dada Maret. Nina sauti ya chura."

Watoto wakaangua kicheko. Kivisaar akatazama saa.

Basi, imekwisha, Villem akawaza. Helju wangu wanamzika mara ya pili. Maret alikuwa keshagonga gotini kile chuma chake cha kutolea noti ya kuanzia wimbo, na noti yenyewe ilikuwa juu huko. Eneli angeikosa mbele ya watu wote.

"Kiweke mfukoni hicho," Villem akasema.

"We mzee, usinianze."

"Kiweke, nakwambia. Helju hakuwa anamgongea mtu mwoga." Akamgeukia mwalimu. "Mwanangu, usitufuate sisi. Toa yoyote uliyo nayo, sisi ndio tutakufuata."

"Hata ya chura?"

"Mimi sauti yangu ni ya gogo, na bado nilipata mke."

Eneli akacheka kidogo, akafumba macho. Ikatoka noti nzito, ya chini, inatetemeka. Maret akaisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaijengea yake kwa juu. Wale wawili wengine wakaingia. Villem akaachiwa kwenda chini kuliko alivyowahi kwenda maishani, akaiburura sauti kama gunia la viazi sakafuni. Watoto walipomsikia mwalimu wao yumo, wakapokea. Wimbo ulikuwa uleule, umeshuka tu, lakini ulisimama mpaka mwisho.

"Mwalimu, kumbe unayo!" msichana wa mbele akapiga kelele.

Kivisaar akajipangusa vidole. "Haya. Endeleeni mwaka ujao."

Villem hakumshukuru. Tangu asubuhi alikuwa amemwandalia maneno makali, sasa hakuna pa kuyapeleka. Akajiangusha kwenye kiti cha watoto, magoti yakikaribia kidevu, akashusha pumzi ndefu iliyokuwa imemkaa kifuani tangu msimu wa theluji.

Eneli akamletea kahawa. "Mzee Villem, kesho nikiikosa noti?"

"Utaikosaje? Si utaitoa wewe?"

Akanywa. Kahawa ilikuwa chungu, ya kununuliwa na wilaya bila shaka. Akaimaliza yote.