Mbao Chini ya Nyumba ya Uibaan

Mlango wa jikoni ulipogoma kufunga kwa mara ya tatu wiki ile, Tuyaara aliupiga teke, akautukana, kisha akakaa chini akalia. Nyumba ilikuwa imeinama. Nyumba ya Uibaan! Ungewaambia watu wa mtaa ule wa kando ya mto Lena kwamba nguzo za Uibaan zimelegea, wangekucheka mpaka mbavu ziwaume.

Maana Uibaan, marehemu mumewe, alikuwa fundi wa nguzo, na si fundi wa kubahatisha. Miaka thelathini alitoboa ardhi ile isiyoyeyuka mwaka mzima, akashusha nguzo, akamimina uji wa mchanga na maji pembeni, kisha akamkataza kila mtu asiiguse. "Iacheni igandwe kwanza," alikuwa akisema. Na ardhi ikishaiganda nguzo, hata trekta haliing'oi.

Wenzake walimtania kwamba hata mke alimpata kwa mtindo huohuo. Kweli tupu. Tuyaara alikuwa binti wa kikosi chao cha ujenzi, kazi yake kushusha kipimajoto shimoni na kuandika nyuzi za baridi. Kila siku Uibaan alikuja kuuliza shimo lina baridi kiasi gani.

"Si umeuliza jana?"

"Jana ilikuwa jana."

"We mwanamume umeniganda!"

"Bado. Ngoja Januari."

Lo, siku zile! Samaki mbichi aliyeganda, wakimla kwa chumvi vipandevipande nyuma ya mtambo wa kutobolea ardhi, kope za Uibaan zimekuwa nyeupe kwa baridi, naye anacheka tu. Tuyaara angetoa meno yake yote yaliyobaki apewe asubuhi moja ya namna ile.

Siku ya pili yake alikuja mwanawe Aital, pamoja na Saina, mkaguzi wa majengo, ambaye kazi aliifundishwa na Uibaan mwenyewe. Saina aliinama achungulie chini ya nyumba, akashtuka.

"Ala! Nani kaziba huku?"

Kwa ndani, ambako mtu haoni bila kuinama, pande zote nne zilikuwa zimepigiliwa mbao na kushindiliwa unga wa mbao. Mjini pale hata mtoto anajua nyumba huachwa tumbo wazi, upepo wa baridi upite chini yake, ardhi izidi kuganda. Ukiziba, joto la nyumba linashuka, ardhi inalainika, inaiachia nguzo.

"Baba hawezi kufanya ujinga huu," Aital alisema kwa hasira. "Baba aligombana na nusu ya mtaa kwa ajili ya mbao kama hizi. Huyo aliyefanya nikimpata, atanitambua!"

"Basi umeshampata," Tuyaara akasema. "Ni mimi."

Tuyaara akajikaza, akasema yote. Kipindi kile cha mwisho, miaka mitano iliyopita, miguu ya Uibaan haikupata joto kabisa. Soksi za manyoya hazikusaidia, sakafu ilikuwa barafu. Tuyaara akachukua nyundo akaziba pande tatu, naye mgonjwa akiwa kitandani anasikia kila msumari. Aliporudi ndani alijiandaa kugombezwa.

"Unajua aliniambia nini? 'Umesahau upande wa kaskazini.' Nikamwambia, na nguzo zako je? Akasema, 'Nguzo hazina miguu ya kuuma. Mimi ninayo.'"

Saina alicheka, akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Lakini mama," Aital akauliza kwa sauti ya chini, "baada ya mazishi, kwa nini hukuzibandua?"

"Nilijaribu. Kila nilipoushika mtaimbo niliona kama namfunua blanketi."

Saina alibandua ubao mmoja, akatambaa chini na kipimajoto chake, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na tope mpaka nyusi.

"Nguzo mbili zimeachiwa. Nyingine zimeshikwa kidogo tu. Mbao zitoke zote leo, na nyumba ikae bila moto mpaka Aprili, baridi ishuke mpaka chini kabisa. Ukiwasha jiko hata wiki moja, mama, sikufichi, kiangazi tutaibomoa."

"Njoo kwangu," Aital alisema. "Chumba kipo."

Jiko lile halikuwa limelala baridi majira ya baridi hata siku moja tangu Tuyaara aolewe. Walibandua mbao mpaka jioni, mama na mwana, na safari hii mtaimbo ulikuwa mikononi mwa Tuyaara. Aital alitaka kumwagia jiko maji, wawahi kuondoka. Mama yake akamtoa nje na mizigo.

Alibaki peke yake akaungoja moto ufe. Hakutia kuni. Kaa la mwisho lilipokuwa jivu, aliangalia upande wa kitanda.

"Vumilia, mume wangu," alisema kwa sauti. "Mwaka huu nitakuacha kwenye baridi."

Kisha akafungua madirisha yote, moja baada ya jingine.