Gauni la Mama Mkwe

Barua ya msamaha ilikuwa na mhuri wa serikali na sahihi iliyopinda kama mkia wa nge. Mama mkwe aliisoma pale mlangoni, miwani imemshuka puani, akaigeuza kutazama nyuma, kisha akamrudishia mkwewe.

"Serikali imekusamehe. Hongera. Kwani cherehani uliyoiba ilikuwa ya serikali?"

"Ilikuwa yako, mama."

"Basi mimi bado."

Mkwe akabaki amesimama na mfuko wake wa nguo. Ndani, mkewe alikuwa akimbembeleza mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa kifungoni; baba hajamshika hata mara moja.

"Mama, yaliyopita si ndwele," mkewe akasema kutoka dirishani.

"Ndwele ni yangu, niache niugue." Mama akamgeukia mkwe. "Nasikia wamekufunza kushona huko. Haya, kitambaa kile pale, nishonee gauni la kwendea harusini. Likinikaa, utaingia. Lisiponikaa, rudi kwa hao waliokusamehe."

Cherehani ilikuwa barazani. Mahakama iliirudisha zamani, lakini kikaratasi cha kielelezo cha kesi bado kilining'inia shingoni mwake, na mama alikuwa hataki kiguswe. Mkwe akampima, akakata, akakaa. Miguu ikashika mwendo wa karakana ya gereza, sare sita za wafungwa kwa siku: bega, mkono, ubavu, pindo, kifua. Mkewe akamwinua mtoto dirishani. Mkwe akasahau kutazama sindano. Mikono ikaendelea yenyewe.

Alasiri mama akalivaa. Lilimkaa kama ganda na yai. Akajigeuza mbele ya kioo, akaanza kutabasamu, mara akaona kifuani kipande cheupe cha bitana, kimeshonwa pande zote nne, safi kabisa.

"Hiki nini?"

Mkwe akaitazama mikono yake. "Ni... pa kuandikia namba, mama. Mkono umezoea."

Dirishani mkewe akaangua kicheko. Mama akajaribu kukunja uso, uso ukakataa.

"Yaani umenifunga. Na harusi yenyewe kesho kutwa."

"Nakitoa sasa hivi, mama."

"Kiache. Wakiniuliza, nitawaambia mkwe wangu ndiye fundi." Akamtilia mkasi mkononi, akamwonyesha kile kikaratasi cha mahakama kwenye cherehani. "Kata hicho. Kesi imekwisha."

Akakikata. Alipogeuka, mlango ulikuwa wazi.

"Ila unawe kwanza," mama akasema. "Mtoto hashikwi na mikono ya mafuta ya cherehani."